Suruali Iliyopanuliwa Mguu Mmoja

Fundi cherehani wa mtaani kwetu ni mtu wa utani, lakini kwa kuficha maumivu hajambo! Miezi miwili kabla ya kisa hiki aliwekewa stenti kwenye mshipa wa paja. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma. Huushikilia mshipa uliokuwa umeziba, damu ifike mguuni.

Asubuhi moja mkewe alikuwa akipiga pasi. Akaigeuza suruali ya mumewe. Mguu mmoja ulikuwa mpana, mshono mpya.

"Baba watoto, hii nini?"

"Ilinibana. Nimeipanua kidogo."

"Mguu mmoja tu?"

Fundi akainamia cherehani. Mkewe akamgusa paja. Lo! Limevimba, lina moto.

"Tangu lini?"

"Siku tano. Na homa inakuja na kuondoka. Sikutaka kukutia wasiwasi, mke wangu."

"Na sasa nimetulia, eti?" Machozi yakamlenga. Akachukua dawa ya kuchua.

Jirani yao muuguzi alikuwa anaingia kuchukua sare yake. "Dada, usimchue!" alisema.

Akachutama, akatazama. Ngozi ya paja imebadilika rangi. Unyayoni kuna vidoa vidogo vya damu.

"Huenda vijidudu vimeingia kwenye stenti. Mshipa unaweza kupasuka, au mguu ukakosa damu. Usimeze vidonge vya antibiotiki vilivyobaki nyumbani. Nendeni hospitali sasa hivi, na kadi ya stenti mliyopewa. Waambieni mapema kuwa ana stenti, wachukue damu ya kupima kabla ya kuanza antibiotiki."

"Watanikata mguu?" Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Ukikaa hapa, hilo ndilo ninaloogopa. Twende, nawasindikiza."

Vipimo vya damu na picha vilionyesha kweli stenti ina vijidudu. Alipewa antibiotiki kwa sindano ya mshipa, wiki sita. Madaktari waliitoa stenti, wakatumia kipande cha mshipa wa mguu wa pili kuipa damu njia mpya. Si kila mgonjwa hupasuliwa, daktari huamua. Mkewe alishinda kando ya kitanda chake kila siku.

Leo fundi anatembea, tena anaringa. Juzi alimwita mkewe kwa sauti: "Mama watoto! Njoo uone, mguu una kipele!"

Mkewe akaja mbio, akatazama vizuri.

"Ni mbu tu, mzee mzima wewe!"

Akacheka. Lakini aliushika ule mguu mikononi kwa muda, na fundi hakuuvuta.