Kabla ya Dawa ya Pili

Kila Jumamosi asubuhi, nikishalisha mbuzi na kuosha vyombo, mimi hupanda mlima kwenda kwa Tata Wangui, dada yake mama. Hapa kwetu Othaya huendi popote bila kupanda au kushuka. Tata hufundisha kemia katika shule ya upili, lakini kazi aipendayo kuliko zote ni kusafisha filamu za picha nyeusi na nyeupe nyumbani kwake. Mimi ndiye msaidizi wake.

Dawa ya kwanza ndiyo huifanya picha ijitokeze. Tata huichanganya mwenyewe kwa kahawa, vitamini C na magadi ya kufulia. Kahawa yenyewe ni ya kopo, ya dukani, na sisi tunaishi katikati ya mibuni! Dawa ya pili huinunua Nyeri kwa Mzee Ambalal. Hiyo huikaza picha, na ikishamiminwa juu yake, filamu haibadiliki tena.

Jumamosi hiyo haikuwa ya mchezo. Filamu iliyokuwa mezani ilikuwa ya baba. Siku mama alipotoka hospitalini na mdogo wangu Munene, baba alimpakata mtoto, akanipa kamera, nami nikabonyeza. Siku tatu baadaye baba alifariki katika ajali. Kwa miaka minne mama hakuthubutu kuigusa kamera ile, hadi wiki hiyo alipompa Tata. Picha nyingine za baba tunazo, ila hakuna hata moja aliyo na Munene, na Munene huuliza kila mara kama baba aliwahi kumwona.

"Watiri, changanya dawa," Tata aliniambia. "Kisha ujaribu na kipande cha filamu kuukuu. Kikiwa cheusi kabisa, iko sawa."

Akajifungia stoo kwenye giza ili aitie filamu ndani ya mkebe usiopitisha mwanga. Mimi nikapima kahawa huku nikiimba. Nilipogeuka kuchukua kijiko, kiwiko changu kikagonga pakiti ya magadi. Yote yakaingia kwenye beseni la maji machafu.

Ningeweza kumwita Tata papo hapo, lakini niliogopa. Pale rafuni palikuwa na magadi ya kulainishia githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Magadi ni magadi, nikajidanganya. Nikayasaga, nikayapima, nikayakoroga. Kipande nilichojaribu kilitoka cha kijivu. Nikakifukia kwenye taka.

"Umejaribu?" Tata aliuliza alipotoka.

"Eeh, Tata. Imekuwa nyeusi."

Mama aliwasili akiwa amemshika Munene mkono, wakaketi kwenye benchi. Tata akamimina dawa yangu ndani ya mkebe. Dakika kumi na tano. Kila dakika aliupindua mkebe mara tatu, naye mama alikuwa ameufunika mdomo kwa kiganja.

"Tata, leo nitaona vile baba alinibeba?" Munene akauliza.

"Leo utaona."

Nilitamani ardhi inimeze. Dakika ya tano, sikusema. Dakika ya kumi, nilifungua mdomo, kisha nikamtazama mama, nikaufunga. Nilimwomba Mungu afanye magadi ya githeri yawe makali, kisha nikaona haya kumwomba Mungu anisaidie kudanganya. Dakika ya kumi na tano Tata akaimwaga dawa ya kwanza, akasuuza kwa maji, akanyanyua jagi la dawa ya pili.

"Tata, ngoja!" Nilipiga kelele hadi Munene akaanza kulia. "Usiimimine! Nilimwaga magadi ya kufulia. Nilitia ya githeri. Nilijaribu, kipande kikawa cha kijivu, nikakuficha!"

Jagi lilibaki hewani. Mama alisimama.

"Ati nini, Watiri? Picha ya baba yako?"

Sikuweza kumtazama. Machozi yalinitiririka hadi shingoni.

Tata aliliweka jagi chini polepole, akaujaza mkebe maji safi. "Mama Watiri, keti kwanza. Filamu inaweza kungoja ndani ya maji. Watiri, pangusa uso uwashe jiko."

Magadi ya kufulia hayakuwepo tena, na duka la karibu halikuwa nayo. Tata akatoa unga wa soda ya kuokea keki. "Huu ukichomwa sana unageuka kuwa magadi makali," alisema, akaumwaga kwenye sufuria kavu. Nilikoroga kwa nusu saa, macho yakiwaka kwa joto. Tukachanganya dawa upya, naye Tata akanipa kipande kingine cha filamu. Nikakitumbukiza mbele ya wote. Kikawa cheusi tititi.

Tukarudia kila kitu, kisha dawa ya pili, kisha maji. Tata alipoifungua filamu, picha nyingine zilikuwa zimefifia kwa uzee. Moja ilikuwa wazi. Tata akaipiga kwa simu yake, akageuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, na baba akatokea akicheka, amempakata mtoto aliyefungwa shali, macho yake yakiwa kwa mtoto tu.

"Ananiangalia," Munene akasema. "Mama, baba ananiangalia mimi!"

Mama alilia kwa sauti. Mimi nilibaki mlangoni hadi Tata akaja, akanishika bega.

"Kwa kumwaga magadi singekugombeza, hata mimi nimemwaga mengi," alisema. "Lakini uliniambia umejaribu na ni uongo, na uongo huo ungemnyima mdogo wako kitu ambacho hakuna duka linauza. Kwa hilo utaosha chupa zangu zote mwezi mzima. Na ulishike hili, mami: ukikosea, sema wakati bado kuna la kufanya. Leo ungechelewa nusu dakika, ukweli wako haungemsaidia mtu."

"Nimekosa, Tata."

"Mwambie mama yako."

Nikaenda kwenye benchi. Kabla sijamaliza kusema, mama alinisogezea nafasi kati yake na Munene, akanipa simu niishike.