Habari za Bibi, Siku Jua Lilipochafuka

Agosti 1972, shule zikiwa zimefungwa, Demetria alikuwa na kazi moja tu. Kila siku saa nne asubuhi alikwenda ofisi ya misheni, Chang'ombe, ambako Mzee Nikodemu alizungumza kwa redio na hospitali ya kusini alikolazwa bibi yake. Akishapata habari, alizipeleka kwa mama yake, Bernadeta, kwenye lango la kiwanda cha nguo. Mama alikuwa amefunga furushi tayari. Akisikia tu kwamba bibi amezidiwa, au habari zikikatika, angepanda basi siku hiyohiyo.

Ijumaa redio ilichachatika kama mafuta ya kukaangia maandazi.

"Leo hakuna kitu, mjukuu wangu," alisema Mzee Nikodemu. "Rudi saa kumi tujaribu tena."

Langoni Mama aliuliza, "Habari za Bibi?"

"Nzuri," akajibu Demetria. Neno lilimtoka tu, kama linavyomtoka mtu hata jino likimuuma. Alitaka kulisahihisha, lakini Mama alikwisha kutabasamu, tabasamu la kwanza wiki nzima. Akaliacha lilivyo. Saa kumi alikuwa akicheza rede na wenzake, na Mama alikuwa nyumbani akifungua furushi.

Jumamosi Mzee Nikodemu alimpokea kwa uso mzito. "Jana jioni walisema mama yako aje upesi. Nikakungoja, wee, mpaka nikafunga ofisi. Leo wanasema bibi amefariki alfajiri."

Mzee alimsindikiza nyumbani. Mama aliposikia alikaa chini sakafuni, asilie.

"Redio iliharibika, Mama," alisema Demetria.

"Haikuharibika," Mzee Nikodemu alisema polepole. "Jua lina nguvu za sumaku. Zikijisokota mno hufyatuka, na miale yake huvuruga tabaka la juu angani, lile linalorudisha mawimbi ya redio duniani. Jana lilichafuka kweli. Hakuna aliyeweza kulizuia."

Demetria akadaka neno hilo. "Basi ni jua, Mama."

Mama alimtazama. Hakupandisha sauti.

"Jua lilininyima habari, mwanangu. Ungesema hujasikia kitu, ningeondoka jana. Jua halikuniambia mama yangu ni mzima. Ni wewe uliyeniambia."

Akaanza kulifunga furushi upya, safari hii kwa ajili ya matanga.