Nzabonimpa Ajifunza Kusimama juu ya Baiskeli

Mwaka 1954, Nzabonimpa wa kilima cha Karuba alikuwa na ng'ombe wanne na baiskeli moja. Kila asubuhi alikamua ng'ombe wake. Majirani watano walimletea maziwa yao. Aliyatia yote kwenye bidoni mbili, yaani madumu ya bati, akazifunga nyuma ya baiskeli, akashuka nayo mpaka nyumba ya maziwa. Alikuwa mtu mwaminifu. Hakuongeza hata tone la maji.

Lakini Papa Honoré, mpokeaji wa maziwa, alipoyamimina juu ya kitambaa cha kuchujia, vipande vya siagi vilibaki juu.

"Leo tena, Papa!" alisema Honoré. "Hii maziwa imekorogeka mu njia. Siku ya kwanza nikiona tena siagi, maziwa ya kilima chenu yote itabakia kwenu."

Nzabonimpa alirudi nyumbani kichwa chini. Mke wake, Mukandori, alicheka kwanza.

"Kama unatafuta siagi, uniachie maziwa. Mi niko na kisabo," alisema. Kisabo ni kile kibuyu kikubwa cha kusukasukia maziwa. Kisha aliacha kucheka. Nyumba sita zilimtegemea mume wake.

Siku hizo jirani yao Evode alikuwa kwenye likizo. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa baiskeli kutoka Masisi mpaka Walikale. Huko msituni mizizi ya miti hukata barabara kila hatua, na barua za Evode zilifika safi. Mtu kama huyo ni wa kuvuliwa kofia.

"Panda, nione," alisema Evode.

Nzabonimpa alipanda. Alikaa wima, kifua mbele, kama chifu siku ya sikukuu. Barabara ilikatwa na mifereji midogo ya kupitishia maji ya mvua. Kwenye mfereji wa kwanza, gwii! Bidoni tupu ziliruka na kupiga kelele.

"Ndugu, unakaa sana," alisema Evode.

"Muntu wa heshima anakaa!"

"Heshima yako njo inakoroga maziwa. Kinga haiko kiti."

Kinga ndiyo baiskeli. Nzabonimpa alinuna kidogo, lakini alishuka kusikiliza.

Walienda kwenye majani ya malisho, mahali tambarare, ili kuanguka kusiumize. Evode alizitoa bidoni na kushusha kiti cha baiskeli.

"Muntu anaanza bila muzigo," alisema. "Sasa, pedale mbili zikuwe sawasawa, moja mbele, moja nyuma. Simama juu yake. Magoti na viwiko vikuwe laini. Macho iangalie mbele, hapana chini ya gurudumu."

Nzabonimpa alisimama, akayumba, akaanguka. Alisimama tena. Mara ya sita hakuanguka.

Kisha Evode alilaza kamba kwenye majani. "Ukikaribia, sukuma usukani chini kidogo, halafu rudisha mwili nyuma. Gurudumu ya mbele itakuwa nyepesi. Ikishapita, leta mwili mbele, ya nyuma nayo ipite pole."

Baada ya kamba waliweka kijiti. Baada ya kijiti walienda kwenye mfereji wenyewe. Siku tatu, maziwa yakibaki nyumbani, Nzabonimpa alianguka na kuinuka, na miaka yake ilikuwa arobaini na miwili! Watoto walimcheka, naye akaendelea. Mimi namheshimu kwa hilo kuliko kwa ng'ombe wake.

Siku ya nne walifunga bidoni zenye maji. "Ukiwa na muzigo, hapana kuruka," Evode alionya. "Pita polepole, simama, acha magoti ifanye kazi."

Alipita vizuri. Hata hivyo, ndani ya bidoni maji yalisikika yakipiga huku na huku. Evode alikuna kichwa. Barua hazina sauti hiyo.

Mukandori alikuja, akafungua bidoni, akatazama ndani. Kila moja ilikuwa nusu, kama siku za maziwa.

"Lakini wanaume nyinyi!" alisema. "Kisabo ikijaa, siagi haitoke. Maziwa inahitaji nafasi ya kucheza. Jaza moja mpaka juu. Ingine ibakie hapa."

Wanaume wale wawili walitazamana. Hakuna aliyewaza hilo.

Kesho yake Nzabonimpa alishuka na bidoni moja iliyojaa. Kwenye kila mfereji alipunguza mwendo na kusimama juu ya pedale. Baiskeli ilitikisika chini yake, yeye hakutikisika. Kwenye nyumba ya maziwa wachukuzi wengine walikuwa kwenye mstari. Papa Honoré alimimina maziwa taratibu mpaka tone la mwisho. Kitambaa kilibaki cheupe.

"Nani alikuonyesha?" aliuliza Honoré.

Nzabonimpa angeweza kumtaja mwanamume mmoja tu, na wote wangeridhika. Moyo wake ulikataa.

"Evode alinifundisha kusimama," alisema kwa sauti, ili wote wasikie. "Na bibi yangu Mukandori alinifundisha kujaza bidoni. Bila yeye, ningeleta siagi tena."

Mmoja wa wachukuzi, mwenye bidoni mbili nusunusu, alivua kofia.

"Papa," alimwambia Nzabonimpa, "mama yule anaweza kutupokea siku gani, atufundishe?"