Majibu Yaliyokwenda Kyerwa

Jumamosi asubuhi Joyness alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuanika kahawa kwenye turubai na kumenya ndizi za mchana. Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto, na nyumba zote za Ihanda zilinuka kahawa mbichi. Joyness alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba. Tangu baba yake ahamishiwe kazi Mwanza, aliishi na shangazi yake, Adelgunda.

Shangazi naye alikuwa na kazi yake, ambayo majirani wengi hawakuielewa. Walimwona amekaa barazani na kompyuta mpakato tangu jua linapochomoza, wakadhani anajifurahisha tu. Kumbe alikuwa ameajiriwa na mtandao wa vituo vya afya vya Karagwe na Kyerwa, vituo sitini na nane kwa jumla.

"Kompyuta za hospitali na za vituo hazisomani," alimweleza Joyness siku moja. "Mgonjwa akipimwa hapa Ihanda, sampuli inapelekwa hospitali kwa bodaboda. Karatasi ya majibu inarudi baada ya wiki, tena ikiwa haikulowa mvua njiani. Ndiyo maana natengeneza API."

"API ndiyo nini, shangazi?"

"Ni kama dirisha la karani. Kila anayefika dirishani sharti ajitambulishe kwa namba yake, aonyeshe ufunguo wake, kisha aombe au apokee kwa utaratibu uliowekwa. Akikosea utaratibu, hahudumiwi. Madirisha hayo yote yamekaa kwenye jukwaa moja. Hospitali ikitoa majibu, jukwaa linatazama namba ya kituo, linayapeleka palepale. Dakika moja tu."

Miezi mitatu shangazi alikuwa akichora michoro kwenye daftari, akifuta na kuchora upya. Sasa kazi ilikuwa iwekwe hewani Jumatatu. Kilichobaki ni kuingiza majina ya vituo na namba zake kwenye jedwali. Alipokuwa katikati ya kazi hiyo, mkurugenzi wake alipiga simu, na simu za mkurugenzi hazikuwa fupi.

"Joyness, njoo unimalizie hizi," alisema akiwa ameziba simu kwa kiganja. "Soma kwenye karatasi, andika. Ukiona mstari mwekundu, usikisie. Rudi kwenye karatasi au niite."

Joyness alifurahi mno kuaminiwa kazi ya watu wazima. Aliandika mstari baada ya mstari, ulimi ukiwa umemtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Alikuwa amebakiza vituo vichache aliposikia sauti kutoka kwenye uzio wa kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba.

"Joyness! Timu ya Nyakasimbi imeshafika! Mwalimu anataja majina!"

Alikuwa Eustadia, rafiki yake tangu darasa la kwanza, mfungaji wao wa netiboli.

"Nakuja!"

Vidole vilianza kukimbia. Alipofika kituo cha Neema kilichoko Kyerwa, kituo kipya ambacho kilikuwa hakijaanza kutuma sampuli, aliandika 063, na mstari ukawa mwekundu. Namba hiyo ilikuwa imekwishatumika. Joyness alirudi kwenye mistari ya juu akatazama. Aha, 063 aliiweka kwenye kituo cha Tumaini, hapahapa Ihanda. Ni ipi basi ilikuwa ya nani? Mstari wa Tumaini kwenye karatasi ulikuwa umefunikwa na kikombe cha chai, umbali wa mkono mmoja. Aliona kwamba 036 haikuwa imechukuliwa na mtu, akaipa Neema. Wekundu ukatoweka. Jedwali zima likawa kijani.

"Umehakiki zote?" shangazi aliuliza alipomaliza simu.

"Nimehakiki, shangazi."

"Na karatasi mkononi?"

"Ndiyo, na karatasi mkononi."

Akatoka mbio. Siku hiyo waliifunga Nyakasimbi mabao kumi na tisa kwa kumi na mawili.

Jumapili baada ya ibada, shangazi alijaribu mfumo kwa vituo kumi. Vyote vilipokea vizuri. Alitamani kujaribu na vile hamsini na vinane vilivyosalia, lakini mkurugenzi alikuwa ameshawatangazia watu Jumatatu. Jumatatu mfumo ukawekwa hewani, na wahudumu wa vituo wakapiga simu kushukuru.

Alhamisi jioni simu iliita tena. Ilikuwa ya tabibu Clavery wa kituo cha Tumaini. Joyness alikuwa jikoni akichochea maharage, na sauti ya tabibu ilimfikia waziwazi.

"Dada Adelgunda, sisi hatupati kitu. Siku ya nne leo. Nikiuliza hospitali, wanasema wametuma."

Shangazi alifungua kumbukumbu za jukwaa. "Ajabu. Huku inaonyesha yametoka, na yamepokelewa. Hebu washeni upya mtandao wenu."

Mwiko ulimwanguka Joyness. Yamepokelewa, ndiyo, lakini na nani? Palepale alijua: 036 aliyoipa Neema ndiyo iliyokuwa namba ya Tumaini. Majibu ya Tumaini yalikuwa yakienda Kyerwa. Kompyuta ya Neema ilikuwa ikiyapokea, na kwa kuwa haikuwajua wagonjwa hao, ikayaweka kando mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Alisimama mlangoni, mdomo wazi. Shangazi aligeuka. "Unasemaje?"

"Maharage yanakaribia kuiva," alisema Joyness.

Ijumaa shuleni, Eustadia alikaa peke yake chini ya dirisha la darasa. Joyness alimfuata.

"Babu yangu anaumwa," Eustadia alisema. Alilelewa na babu yake, Mzee Placidius, mkulima ambaye migomba yake ilisifiwa Ihanda nzima. "Alijikata mguu na panga akipogoa migomba. Na vile ana kisukari, kidonda kimekataa kupona. Dawa wanazompa hazimsaidii. Walichukua usaha wakapeleka hospitali wajue ni dawa gani itaua wale vijidudu. Mpaka leo, majibu hakuna. Tabibu anasema kompyuta imeyameza."

"Yatakuja tu," Joyness alisema.

"Lini?"

Joyness aliinuka akaingia darasani. Alijiambia kwamba jioni atasema. Jioni alimkuta shangazi amekunja uso mbele ya kompyuta, akaona heri asubuhi. Asubuhi ya Jumamosi shangazi alikwenda Kayanga kukagua seva, akarudi amechoka. Jumapili kanisani Mzee Placidius aliletwa kwa bodaboda, mguu umefungwa kitambaa kilichovimba kama mtoto mchanga aliyeviringwa kanga.

"Shikamoo, babu," Joyness alimwamkia akitazama chini.

"Marahaba, waitu, mjukuu wangu. Mbona siku hizi huji nyumbani? Parachichi zimeiva, zinaliwa na ndege."

Alikuwa akitetemeka kwa homa, na bado alikuwa akimkaribisha parachichi. Joyness alikimbilia upande wa kwaya.

Usiku wa Jumatatu ulikuwa mrefu kwake kuliko wa mgonjwa. Jumanne alipofika shuleni, Eustadia hakuwepo. Mwalimu wa darasa alisema babu yake amezidiwa, amepelekwa hospitali alfajiri akiwa hajitambui.

Joyness hakungoja ruhusa. Alikimbia kutoka shuleni mpaka nyumbani bila begi. Shangazi alikuwa barazani, macho mekundu, daftari limejaa mistari. Mfumo mzima alikuwa ameupitia neno kwa neno, siku tano, akitafuta kosa ambalo halikuwa lake.

"Shangazi, ni mimi."

"Ni wewe nini? Mbona uko nyumbani saa hizi?"

"Namba ya Tumaini. Niliipa Neema. Mstari ulikuwa mwekundu, nikakisia. Sikushika karatasi. Nilikudanganya."

Shangazi alifungua jedwali, akainua karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, halafu mwingine. Hakugomba. Alirekebisha namba hizo mbili, akapiga simu Neema, akawaelekeza pa kuyatoa yale majibu yaliyokaa kando. Ilichukua dakika kumi na moja. Majibu ya wagonjwa thelathini na wanne yakaingia Tumaini yakifuatana, na ya Mzee Placidius yalikuwa miongoni mwao. Yalikuwa tayari tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Dawa iliyofaa ilikuwepo, tena haikuwa adimu.

"Ulijua lini?" shangazi aliuliza hatimaye, mgongo umemwelekea.

"Alhamisi."

"Alhamisi." Shangazi alifunga kompyuta. "Nami nikahangaika Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Wewe ukinipikia chai."

Jumatano madaktari walimkata Mzee Placidius mguu wa kushoto, chini ya goti. Vijidudu vilikuwa vimefika kwenye mfupa.

Shangazi aliandika barua kwa mkurugenzi. Joyness aliisoma kabla haijatumwa. Ndani yake jina la Joyness halikutajwa. Shangazi aliandika kwamba yeye ndiye aliyemwachia mtu asiyestahili kazi hiyo, na kwamba alikubali kuweka hewani mfumo ambao haujajaribiwa kwa kila kituo. Yote mawili yalikuwa kweli. Majibu ya barua yalifika baada ya siku tatu. Jukwaa lilikabidhiwa kwa mtu mwingine. Shangazi alibakizwa kazini kupokea simu za vituo na kuzielekeza kwa huyo mtu. Michoro yake ya miezi mitatu aliikabidhi pamoja na nywila, na kabla ya kuikabidhi, alijaribu vituo vyote sitini na nane, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

Mzee aliporudi nyumbani, walikwenda kumwona. Joyness aliomba wasiende. Shangazi alisema, "Tutakwenda."

Walimkuta amekaa nje kwenye kiti, blanketi mapajani. Eustadia alikuwa akichambua maharage kando yake. Alipomwona Joyness, aliinuka na ungo wake akaingia ndani. Wiki hiyo hakuwa amekwenda shule hata siku moja, kwa kuwa kibanja hakikuwa na mtu wa kukihudumia.

Joyness alipiga magoti. Alieleza yote, kuanzia kikombe kilichokaa juu ya karatasi mpaka maharage aliyoyatumia kama kisingizio.

"Siku ulipokosea kuandika," mzee alisema Joyness alipomaliza, "mguu wangu ulikuwa wangu. Ijumaa mjukuu wangu alipokwambia, ulikuwa wangu. Jumapili uliponiamkia kanisani, nilikuja nao. Sijui siku gani ulikoma kuwa wangu, madaktari nao hawajui. Lakini zile siku wewe ulikuwa nazo."

"Nisamehe, babu."

Mzee alitazama migomba yake. Majani makavu yalikuwa yananing'inia, hayajapogolewa. "Kukusamehe nitakusamehe, mimi ni mtu wa sala. Ila usinitake nikusamehe leo. Leo kidonda kinauma."

Kutoka ndani ya nyumba, Eustadia alisema kwa sauti kavu, "Shangazi Adelgunda, asanteni kwa kuja."

Walirudi kwa miguu. Walipofika barabarani, Joyness aliuliza kwa kunong'ona, "Eustadia atanisemesha tena?"

"Sijui. Siwezi kukuahidi."

Kisha shangazi alisimama, akamgeuza wakatazamana.

"Nisikilize. Kukosea namba ni kosa la binadamu. Mimi mwenyewe nimekosea mara nyingi, ndiyo maana kuna kuhakiki, na mimi pia sikuhakiki inavyopasa. Uongo wako wa Jumamosi ulikuwa mbaya, lakini bado ungetengenezeka Alhamisi kwa sentensi moja. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe hukuficha maradhi yako, ulificha ya mwenzio. Ukikosea, sema siku hiyohiyo. Usingoje mtu apoe hasira, usingoje upate ujasiri. Sema ukiwa unatetemeka, wakati kusema bado kunasaidia."

"Nimesikia, shangazi."

"Kusikia peke yake hakupogoi migomba."

Kesho yake saa kumi, baada ya masomo, Joyness alifika kwa Mzee Placidius na panga la kupogolea. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Alianza mstari wa kwanza wa migomba, akakata majani makavu, akayatandaza chini kama alivyoona wakubwa wakifanya. Eustadia alikuwa mstari wa mwisho, amempa mgongo. Walifanya kazi mpaka jua likawa jekundu, bila kusemezana neno, na kesho yake Joyness akaja tena.