Wekundu Katika Pipa la Papa

Asubuhi za Ushongo, majirani walijua kuwa Mwatumu ameamka kwa kusikia kisu chake kikinolewa. Mwatumu alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Hakuwa na shamba wala mtumbwi. Alinunua papa kwa wavuvi, akawapasua, akawatia chumvi katika pipa kubwa la mti, kisha akawaanika juu ya uchanja. Kazi hiyo alifundishwa na Bi Tuhfa, mama wa marehemu mumewe.

Bi Tuhfa alikuwa na amri moja. Maji ya chumvi ya pipani hayamwagwi. Papa wakitolewa, maji yanabaki, na papa wapya wanatiwa humo humo.

"Haya ni maji mama," alikuwa akisema. "Nimeyakuta kwa mavyaa wangu, aliyemzaa mume wangu. Maji ya kisima yakiligusa pipa hili, papa wataoza."

Miaka ile ya shida, hata sabuni ilipatikana kwa foleni. Papa wa namna yoyote alipata mlaji. Kisha biashara ikaachiwa huru. Wanunuzi wakaanza kuja wenyewe, nao wakaanza kuchagua. Aliyekuwa akichukua mzigo wote wa Mwatumu ni Haroub, mfanyabiashara wa Pemba.

Siku moja Haroub aliinua kipande cha papa, akakigeuza. Upande wa chini ulikuwa na utelezi mwekundu.

"Dada yangu, huyu papa amekula tambuu?" akauliza.

Wachukuzi wake wakacheka. Mwatumu hakucheka.

"Ni rangi tu, Bwana Haroub."

"Rangi gani hiyo inayonuka? Pemba siku hizi watu wana pa kuchagua. Nitarudi mwezi mpya ukiandama. Nikikuta wekundu huu tena, usinichukie. Nitatafuta papa kwingine."

Akaondoka bila kuchukua hata kipande kimoja. Mwatumu alisimama mbele ya uchanja wake. Haroub akipotea, watoto watakula nini?

Aliongeza chumvi pipani. Wekundu ukazidi.

Shemeji yake, Uweso, akamletea unga katika karatasi. "Dawa ya mchwa hii, shemeji. Mdudu gani ameishinda? Nyunyiza uone."

Mwatumu alinyunyizia vipande vichache. Nzi walikufa. Lakini baada ya siku chache, wekundu ulirudi juu ya vipande vile vile, kama uliokwenda kutembea tu.

"Hapa pana jambo," Mwatumu akasema. "Nami nitalijua."

Akaenda Pangani mjini kumwita Bwana Samaki. Ndivyo watu walivyomwita Zebedayo, mtaalamu wa uvuvi. Zebedayo alikuwa Mbondei wa Muheza. Alipofika tu kibandani kwa Mwatumu, Bi Tuhfa alimdaka.

"Mbondei! Kwenu ni machungwa. Papa umemjulia wapi?"

"Kwenye sahani, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Afadhali una adabu."

Zebedayo alichungulia pipani, akanusa, akachukua chumvi kiganjani. Ilikuwa na wekundu wa mbali.

"Huu wekundu si rangi tu," akasema. "Ni viumbe hai. Ni vijidudu vidogo mno, huvioni mpaka vijazane. Vimekuja na chumvi yenyewe, kutoka mashamba ya chumvi. Hujaona kule maji yanavyogeuka mekundu wakati wa jua kali?"

"Nimeona," Mwatumu akajibu. "Lakini si chumvi huua vijidudu?"

"Huua vingi, kwa kuvinyonya maji. Hivi vinapenda chumvi. Vimejaza chumvi ndani ya miili yao, kwa hiyo chumvi ya nje haivinyonyi. Ulipoongeza chumvi, uliviandalia karamu."

"Na ile dawa ya mchwa?"

Zebedayo akakunja uso. "Dawa gani?"

Mwatumu akamweleza.

"Sikiliza," Zebedayo akasema. "Kila kiumbe kina maagizo ndani ya mwili, yaliyorithiwa kwa wazazi. Wataalamu huyaita jeni. Ndiyo yanayomfanya mtoto azaliwe na pua ya bibi yake."

"Pua yangu ina kasoro gani?" Bi Tuhfa akauliza.

"Haina, mama. Ni mfano. Sasa, vijidudu hivi navyo vina jeni. Sumu ikiingia, baadhi ya jeni hutoa amri: tengeneza pampu. Pampu hizo ndogo huitupa sumu nje, kama mvuvi anavyokumba maji kwa upo, ile kata yake, mtumbwi ukivuja. Jeni nyingine huamrisha palipoharibika patengenezwe. Vijidudu vingine hufa. Vile vinavyopona huzaa, na watoto wao hurithi maagizo yale yale."

"Kwa hiyo nikizidisha sumu, nabakisha vile vikaidi?"

"Ndiyo. Na mtu atakayemla papa huyo, sumu itamdhuru. Vipande hivyo vifukiwe mbali na kisima. Hata paka asiguse."

Mwatumu akavikusanya vile vipande vyenye dawa. Watoto wake hupita uchanjani kila siku.

"Basi vinaogopa nini?" akauliza.

"Maji ya kisima."

"Astaghfirullahi!" Bi Tuhfa akaruka.

Zebedayo aliomba bilauri mbili. Moja akaitia maji mama, ya pili maji ya kisima. Akakwangua utelezi, akaukoroga kote kuwili. Wakasubiri. Katika maji mama, utelezi ulibaki mwekundu na mzito. Katika maji ya kisima, uzito ulikatika. Ilibaki rangi hafifu tu.

"Miili yao imejaa chumvi," Zebedayo akaeleza. "Maji ya kisima huingia ndani kwa nguvu. Vinavimba, vinapasuka. Osheni pipa, visu na uchanja kwa maji hayo, kisha mkaushe juani kabisa. Chumvi ikaangeni kwanza, vijidudu vilivyomo vife kwa moto. Na msirudie maji ya zamani."

"Kwa hiyo mavyaa wangu alikuwa mjinga?" Bi Tuhfa akauliza kwa uchungu.

"La, mama. Chumvi ilikuwa adimu, akaitunza. Hakujua kuwa anatunza na wakazi wake."

Bi Tuhfa alimgeukia mkaza mwanawe. "Ukilimwaga pipa hilo, usiniite mama."

"Nitakuita hata usipoitika," Mwatumu akasema. "Lakini nitalimwaga."

Akaliegemea pipa kwa bega. Likagoma. Akaegemea tena. Likalala, na maji mekundu yakatiririka mchangani kuelekea baharini.

Kisima kilikuwa mbali. Mwatumu alikwenda na kurudi na ndoo kichwani mpaka shingo ikamuuma. Alisugua pipa kwa makumbi ya nazi. Akaliacha juani likauke hadi mbao zilie. Kisha akawasha moto, akamimina chumvi katika karai. Ikaanza kualika: pa! pa! pa!

Bi Tuhfa, aliyekuwa amenuna siku zote hizo, akatoka na mwiko.

"Koroga chini, utaacha mbichi! Ukiamua kuharibu mila, basi haribu vizuri."

Wakakoroga kwa zamu.

Mwezi mpya ulipoandama, Haroub alikuja. Aligeuza kipande cha kwanza, cha pili, akafukua hadi vya chini kabisa. Nyama ilikuwa kavu na ngumu. Akavunja pembe ya kipande, akatafuna polepole. Mwatumu alishikilia nguzo ya uchanja.

"Pakieni," Haroub akawaambia wachukuzi. "Wote. Na mwezi ujao, dada, usimuuzie mtu mwingine."

"Alhamdulillahi," Mwatumu akasema.

Mchukuzi mmoja alilaza fungu la papa juu ya gunia lililolowa maji ya bahari. Bi Tuhfa akamfuata mbio, mwiko mkononi.

"We! Ondoa hapo! Unataka kuvipelekea maji ya chumvi vijidudu vianze kuzaana? Papa anawekwa pakavu! Hukusoma wewe?"

"Bibi, hayo ya vijidudu umeyajuaje?" mchukuzi akashangaa.

"Kaa chini," Bi Tuhfa akasema. "Kila kiumbe kina maagizo ndani ya mwili…"