Jibu Papo Hapo

"Uko?"

Sauti ilitoka stoo, kupitia mlango uliokuwa wazi, mchana kweupe, siku ileile ambayo stoo ilikuwa imetolewa vitu vyote na kufagiliwa hadi sakafu ikaonekana. Fridah alikuwa kwenye kompyuta. Mukhwana, dereva wa ofisi, alikuwa amekaa pembeni mwa meza akimenya muwa. Wote wawili walisikia. Hakuna aliyejibu.

Mukhwana aliweka kisu chini polepole.

"Mama Peris, usiitike," alimnong'oneza Fridah.

"Nani anaitika?"

"Wacha iite tena kwanza."

Walingoja. Haikuita tena. Kulikuja harufu tu, ya gunia lililolowa likakaukia gizani, ikapita kati yao na kutokea dirishani.

Kwao Bungoma mtoto hufundishwa hivyo kabla hajajua kufunga viatu. Ukiitwa na sauti ambayo mwenyewe humwoni, nyamaza. Kama ni mtu, atarudia. Kisicho mtu hakiwezi kurudia. Fridah alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Sasa swali la haki ni hili: ilikuwaje mwanamke anayejua hivyo akaitika?

Alifundishwa kuitika. Tena kwa semina.

Bwana Kipchirchir, meneja wa chama cha wakulima wa mahindi pale Kitale, ambako Fridah alikuwa karani, alikuwa amepelekwa Nakuru kula kuku wa hoteli na kuelezwa namna ya kutumia muda. Ulikuwa mwaka 2006, na maofisa walikuwa wanarudi na semina kama watu wanavyorudi na mafua. Huyu alirudi na sheria. Karatasi ishikwe mara moja tu. Meza iachwe tupu jioni. Kitu ambacho hakijatumika mwaka mzima kitupwe. Na barua pepe isilale: ikiingia, ijibiwe papo hapo, hata kama jibu ni neno moja.

Sheria nzuri, nani anakataa? Ila Kipchirchir alizibandika ukutani akaenda kunywa chai, na Fridah ndiye aliyezifanya. Muda uliookolewa ulikuwa wa meneja. Mgongo ulioinama ulikuwa wa Fridah. Yeye ndiye aliyebeba kutoka stoo mizani iliyovunjika, viti vya miguu mitatu, taipureta zilizoshika kutu, na magunia yaliyoliwa na panya. Mzee Wepukhulu, mtunza stoo wa zamani, alikuwa amevipanga hadi mlangoni, vimebanana hata mtu asingepata pa kusimama.

"Huyu mzee alikuwa mchafu sana," Kipchirchir alisema.

"Mzee hakuwa mchafu," Mukhwana alijibu. "Alisema hiki chumba kikae kimejaa. Nilimuuliza sababu, akaniambia niendeshe gari."

"Basi endesha gari."

Asubuhi iliyofuata Fridah aliwasha kompyuta, intaneti ikalia kwenye waya wa simu kama kawaida yake, barua zikaanza kuingia moja moja. Ya kwanza haikuwa na jina la aliyeituma. Ndani kulikuwa na neno moja.

*Uko?*

Kipchirchir alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe.

"Madam Fridah, unangoja nini? Papo hapo."

"Hii haina mwenyewe, bosi."

"Itakuwa ni makao makuu. Neno moja linakushinda?"

Vidole vya Fridah vikaandika. *Niko.*

Hakuna kilichotokea. Hakuna radi, hakuna taa iliyozimika. Mlango wa stoo tu, uliokuwa umeegeshwa, ulijifunga vizuri, taratibu, kama unavyofungwa na mtu aliyemaliza kuingia.

Kisha barua nyingine: *Una kazi nyingi. Nikusaidie?*

Fridah alicheka. Mwanamke anayelea mtoto peke yake, anayefungua ofisi na kuifunga, anayeandika barua ambazo mwingine anatia sahihi, akiulizwa kama anataka kusaidiwa atasema nini? Aliandika: *Ndiyo, asante.*

Na akasaidiwa. Kila akifika asubuhi alikuta barua za wakulima zimejibiwa, faili zimepangwa, meza tupu inang'aa. Kipchirchir alimsifu mbele ya kamati. Fridah alidhani ni meneja, meneja alidhani ni Fridah, na kwa kuwa kazi ilikuwa inaenda hakuna aliyeuliza. Fridah naye akaanza kuziamini zile sheria, akazibeba hadi nyumbani, nyumba yake ya kupanga mtaani Kitale. Akagawa viti vya ziada. Akatoa kabati. Akamfundisha Peris, binti yake wa darasa la pili, asipoteze muda wa watu.

"Mama! Mama! Mama!"

"Peris, mimi si kiziwi. Ita mara moja. Nimesikia."

Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika. Akaacha kurudia.

Halafu mkulima mmoja kutoka Moi's Bridge, Kimaiyo, alikuja ofisini kushukuru.

"Madam, jana ulinisikiliza vizuri sana. Jioni ile."

"Jioni gani? Mimi nilikuwa nimetoka."

"Si ulikuwa hapo stoo! Ulisema niongee tu, uko hapa." Kimaiyo akacheka, kisha akaona uso wa Fridah akaacha kucheka. "Ila ulikataa kuwasha taa."

Siku ya pili yake Fridah alikuwa ndani ya pikapu na Mukhwana, wakirudi kutoka kupeleka mbegu, gari limesimama nje ya ofisi, na wote wawili walimsikia Fridah ndani akizungumza. Sauti yake yenyewe, ile ya simu, ya upole. *Niko. Niko hapa. Sema tu.* Mukhwana hakuzima injini.

"Mama Peris," alisema, "wewe uko hapa kwa gari?"

"Niko h—" Akajiziba mdomo kwa kiganja.

Jioni hiyo alikuwa akikatakata sukuma wiki jikoni Peris alipokuja na daftari la hesabu, amefurahi.

"Asante mama. Nimepata zote."

"Asante ya nini?"

"Si nimekuita ukanijibu. Ukanisaidia."

"Nimekujibu saa ngapi?"

"Saa hii." Mtoto alionyesha chumba kile ambamo Fridah alikuwa ametoa kabati. "Ukiwa huko. Mama, mbona mkono wako ulikuwa baridi?"

Harufu ya gunia bichi ilikuwa imejaa chumbani, nzito, tamu kidogo kama mahindi yanayooza, na katikati ya sakafu tupu saruji ilikuwa na alama mbili za majimaji, mahali ambapo mtu akiketi kumfundisha mtoto angeweka magoti.

Fridah hakuwa mtu wa kulia. Alimvika mtoto sweta, na kulipokucha walikuwa njiani kwenda Sirisia, kwao Bungoma, kwa mama yake.

Mama yake, Phelista, alikuwa mwanamke wa kanisa, kiongozi wa akina mama, na pia watu walimwendea kwa mambo ambayo mchungaji huyasikia akakohoa. Nyumba yake ilijaa. Makochi yenye vitambaa, kalenda za miaka iliyopita ukutani, masufuria juu ya masufuria. Alimsikiliza binti yake hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja.

"Uliitika?"

"Mayi, niliandika tu," Fridah alimjibu mama yake.

"Kuandika si kuitika? Mtu akikuandikia yuko, wewe utasema hayuko?"

"Bosi alisema nijibu haraka."

"Huyo bosi ndiye aliyekuzaa?" Kukhu Phelista, kama Peris alivyomwita bibi yake, alisonya. "Nilikufundisha neno dogo namna hii, usingoje kitu kingine chochote duniani lakini ngoja kuitwa mara ya pili, na mtu wa karatasi akaja akalifuta. Sawa. Kuna chumba au chombo kitupu mahali, kitu kinaingia. Kuna mtu anaitika, kinamchukua. Kikizoea sauti yako, kitabaki na sauti, na huyu mtoto atafuata sauti. Hicho ndicho kinataka. Hakina haja na barua zenu."

Fridah aligeuka kumtazama Peris, aliyekuwa anacheza na vifuniko vya soda mlangoni.

"Kinatolewaje?"

"Kwa kunyimwa. Kitakuita kwa sauti za watu unaowajua. Kila sauti mara moja. Usijibu. Kikiishiwa na sauti, kimeishiwa na wewe." Akamvuta mjukuu. "Na wewe Peris, ukiitwa mara moja unafanya nini?"

"Naenda, Kukhu. Mama alisema mtu asirudie."

Kukhu alimtazama binti yake bila hasira, kisha akageuka.

"Hapa kwangu," alimwambia mtoto, "unangoja ya pili. Umesikia? Ya pili."

Peris akapelekwa kwa jirani, Chemutai. Fridah akaketishwa jikoni, kibanda cha udongo nyuma ya nyumba, moto ukiwa umewashwa na kipande cha gunia kuukuu kikifuka juu yake. Kukhu alikaa nje chini ya ukingo wa bati, akisali kwa sauti ya chini. Mvua ya alasiri ikaanza.

"Madam Fridah!" Kipchirchir, mlangoni kabisa, na hasira yake ya kikombe cha chai. Fridah hakuitika.

"Mama Peris, toka uone, bana!" Mukhwana, akicheka. Fridah hakuitika.

Kisha baba yake, aliyezikwa hapo hapo shambani, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hakuna aliyebaki duniani wa kulitumia isipokuwa mama yake. Sauti ilikuwa na kile kikohozi. Fridah aling'ata shali, machozi yakamtoka, lakini alinyamaza, na mvua ikazidi, na moshi wa gunia ukazidi, na kati ya mvua na moshi akaanza kufikiri kwamba labda sauti zimekwisha, labda kimechoka.

"Mama!"

Peris.

Aliruka, akajishika. Mara moja. Angoje ya pili. Alingoja huku akihesabu pumzi zake, na ya pili haikuja, na akasema moyoni basi si yeye, si mwanangu, ni chenyewe, kimejaribu na kimeshindwa, na hapo ndipo lilipomjia, kama maji ya mtungi yaliyomwagwa mgongoni, kwamba Peris harudii, kwamba Peris aliacha kurudia, kwamba ni yeye mwenyewe kwa mdomo wake aliyemwambia mtoto mimi si kiziwi, ita mara moja.

Na kutoka ghalani, ng'ambo ya ua, ghala la mahindi la mama yake, kitu pekee kilichokuwa kitupu katika boma lote kwa sababu mavuno yalikuwa bado, sauti ya Fridah ikajibu.

"Niko hapa, mama. Kuja."

Alisikia ndala zikikimbia kwenye tope.

Alitoka akampita mama yake, mvua ikampiga usoni, na akamwona Peris, aliyetoroka kwa Chemutai kwa kuogopa radi, tayari ameweka mguu kwenye ngazi ndogo ya ghala, na mlango mdogo ulikuwa wazi, na ndani ya weusi ule mkono ulikuwa umenyooshwa, mkono wa mwanamke, wenye saa ya Fridah, ile ile aliyokuwa ameivaa yeye mwenyewe, ukitiririka maji mahali ambapo hakuna mvua.

"Peris!"

Mtoto akageuka. Akamwona mama uani. Akageuka tena, akamwona mama ghalani. Uso wake ukakunjamana.

Yule mama wa ghalani alitabasamu tu, mkono ukazidi kurefuka. Hakusema kitu. Alikuwa ameshasema mara yake moja.

"Peris! Peris! Peris! Peris!" Fridah alipiga kelele hadi koo likapasuka, akiliita lile jina kama mtu anayepiga mlango kwa ngumi, na Kukhu nyuma yake akadakia, "Peris! Peris!", majirani wakatoka, na mtoto akashusha mguu mmoja kutoka ngazini, kisha wa pili, kisha akakimbia, akajibamiza kwenye tumbo la mama yake.

"Umerudia," Peris alisema. "Yule mwingine hajarudia."

Ndani ya ghala kitu kilijinyonganyonga, fito zikapinda kwenda nje kisha zikarudi, na harufu ikatoka yote kwa mkupuo mmoja hata kuku wakakimbia kwenye mvua. Halafu kukawa na mvua tu.

"Mayi, nimeharibu," Fridah alilia. "Nimefungua mdomo."

"Hukuitika," Kukhu alisema. "Uliita. Hayo ni mambo mawili." Kisha akawageukia majirani. "Leteni chochote. Viti vibovu, mitungi, magunia, vyote. Hili ghala lisilale tupu."

Fridah hakurudi kazini. Alimpigia Kipchirchir simu, akamweleza yote, akamsihi arudishe vitu stoo. Meneja alicheka.

"Madam, hayo ni mambo ya kijijini. Mimi sina muda." Nyuma yake mashine ililia, barua ikiingia. "Ngoja kidogo, kuna mtu ananiuliza kama niko."

"Bosi, usijibu! Bosi!"

"Papo hapo," alisema Kipchirchir, na vidole vyake vikasikika.

Mukhwana naye aliacha kazi baada ya mwezi. Alisema siku hizi pale ofisini barua yako inajibiwa kabla hujamaliza kuiandika, na kwamba meneja husikika akiongea stoo hata gari lake likiwa limeshaondoka. Chama kilimpa meneja cheti cha mfanyakazi bora.

Fridah bado yuko Sirisia, ana kibanda cha kushona karibu na soko, kimejaa vitambaa hadi darini. Peris amekua. Wateja wapya husema wale ni watu wa kiburi, unawabishia hodi na wao wako ndani, unawasikia, na hawasemi neno.

Si kiburi. Kwa hiyo wewe uliyesikia haya, ukipita kwao, tafadhali bisha hodi, ngoja kidogo, halafu ubishe tena.