Rufaa ya Saif

Marikiti siku ya Alhamisi haina adabu: ukisimama unasukumwa, ukienda unakanyagwa. Raihana, mwalimu wa Kizingo, alikuwa ameinamia gunia la hiliki, pindo la buibui lake limeingia vumbi la bizari. Alipoinua macho, akamwona mchumba wake Saif mbele yake. Mwezi mzima alikuwa akimpigia simu bila kujibiwa. Alidhani moyo utamruka. Haukuruka.

"Saif."

"Raihana. U hali gani?"

"Njema. Rufaa je?"

"Tumeshindwa jana."

Wakasemezana hivyo kama watu wanaoulizana bei.

Saif ni fundi wa kompyuta, Mbaraki. Alibuni kifaa cha kupunguza kasi ya saa iliyo ndani ya kompyuta, ile inayoiendesha, joto la kaskazi likizidi ili isiungue. Akaomba hataza, uvumbuzi uwe haki yake peke yake, na akaweka ahadi kwamba hataza ikitoka, wazee wake wataenda kwao Raihana kuposa. Ombi likakataliwa, naye akakata rufaa: kifaa, walisema, kilishaonekana hadharani miaka miwili kabla ya kuombewa. Kilionekana wapi? Kwenye video ya Raihana mwenyewe, mtandaoni, akimsifu mchumba wake na kueleza kila waya. Mapenzi nayo yana mdomo!

"Nimekuharibia," Raihana alisema. "Ndiyo maana simu zangu hushiki."

"Sivyo, mpenzi. Wakili alisema njia ya kushinda ni moja tu. Niape kuwa uliirusha bila idhini yangu, kwamba umeniibia siri."

"Mbona hukunambia?"

"Niliogopa. Ungenambia 'apa tu, Saif', ningeapa."

"Ukafanyaje?"

"Nikashika msahafu, nikasema kweli. Kwamba uliniuliza, nami nikakwambia rusha, watu waone."

Raihana aliyatafuta machozi, hakuyapata. Aliona ganzi tu, mpaka vidoleni. Saif naye alikuwa akiitazama hiliki, haioni.

"Sasa sina hati ya hataza, Raihana. Nitamwambia nini babako?"

"Kwani wazee wako walikuwa waje kuposa hati ama mimi?"

Saif hakucheka. "Wewe."

"Basi waje kesho, baada ya sala ya Ijumaa."

"Wanipenda bado?"

"Leo sihisi kitu, Saif. Nikisema nahisi nitakuwa nakudanganya, na wewe hukudanganya juu yangu. Waje tu."

Akamgeukia muuzaji. "Niongezee hiliki. Kesho nina wageni wa kahawa."